Riba Inayofuata Bariere

Bweremana, 11 Novemba 2000

Dada yangu Adelaïde,

Nakusalimu, wewe na Papa Damascène mume wako, na wote wanaokula kwenye chungu chako. Sisi huku tuko wazima. Virginie anakohoa asubuhi tu. Jua likitoka anaacha. Mtoto wa binti yetu Myriam ameota meno mawili na ameshamng'ata padri siku ya ubatizo. Ziwa halitoi kitu mwaka huu, hata sambaza, samaki wetu wadogo, zimekuwa nyembamba kama sindano. Unga wa muhogo uliotuma ulifika umelowa. Tuliuanika juu ya bati la jirani, naye akatutoza bakuli moja kwa ajili ya jua.

Hilo bati njo linanifanya nikuandikie. Tangu tukimbie Burungu mwaka 1993 tumepanga nyumba nne, na kila mwenye nyumba ana tabia yake. Huyu wa sasa anaingia bila kubisha hodi, kuangalia kama kuta zake bado ziko. Juzi Virginie aliniambia: «Miaka saba ninapika kwa jiko ya watu. Nataka nife chini ya bati yangu.» Nikamjibu kwamba tutarudi Burungu. Akasema: «Vizuri. Nunua bati. Siku ya kurudi tutaing'oa.»

Sasa, Mama Kahambu, yule mfanyabiashara wa kutoka Butembo mwenye duka hapa, ambaye unamnunulia mawese huko Kibua, ana dola nyingi tangu madini ya koltani yapande bei, na hajui aziweke wapi. Mpwa wake Omer amemaliza masomo ya biashara, akamletea wazo la Ulaya: kukopesha watu pesa za nyumba kwa rehani ya ardhi. Mimi ninataka dola mia tatu, za kiwanja, mbao na mabati. Kila mwaka nitalipa riba tu. Mtaji wenyewe utarudi mwisho wa mwaka wa tano. Omer ananipa njia mbili. Nakueleza polepole, maana nusu ya rehani ni yako.

Ya kwanza ni riba ya kusimama. Kumi na nane kwa mia kila mwaka, mvua inyeshe, risasi zilie, haibadiliki. Ada ya dosie, yaani ya kuandika makaratasi ya mkopo, ni dola kumi.

Ya pili ni riba ya kufuata. Inapanda na kushuka ikifuata kitu. Niliuliza inafuata nini.

«Ulaya inafuata Banki Kuu,» akasema Omer.

«Banki Kuu yetu iko wapi?» akauliza Mama Kahambu.

«Kinshasa.»

«Na Kinshasa iko upande gani wa vita?»

Omer akafunga kitabu chake. Jibu alilipata mama mwenyewe. Alisema: «Pesa yangu mimi inafuata bariere. Zikiwa mingi, mawese inafika bei kali. Zikipunguka, ninapumua.» Basi riba itafuata idadi ya bariere, vile vizuizi vya wenye bunduki, kati ya Nyabiondo na Kibua, ile sehemu ambayo gari haliwezi na mizigo inapita migongoni mwa watu. Bariere moja, moja kwa mia. Mwezi uliopita zilikuwa kumi na nne. Mwenye kuhesabu atakuwa wewe, kwa sababu wabebaji wote wanalala kwako na kila mmoja anajua alisimamishwa wapi. Ada ya njia hii ni dola arobaini.

Nimepiga hesabu kwa utaratibu ule wa zamani nilipokuwa natengeneza jibini. Riba ya kusimama itanila dola hamsini na nne kwa mwaka. Ya kufuata, bariere zikikaa kumi na nne, arobaini na mbili. Hapo ninaokoa kumi na mbili, lakini nimetoa thelathini zaidi mlangoni. Itachukua miaka miwili na nusu ada ile ijirudishe. Baadaye ni faida. Na vita ikiisha, bariere zikawa sifuri, nitakuwa nimekopa bure.

Rehani ni kilima cha Burungu. Baba alituachia sisi wawili. Karatasi ya ruhusa iko ndani ya bahasha. Tia saini chini.

Kaka yako anayekukumbuka,
Jean-Bosco


Kibua, 19 Desemba 2000

Kaka Jean-Bosco,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji Virginie. Mwambie achemshe majani ya mkaratusi kwa kile kikohozi. Barua yako ilifika ina chumvi, kwa kuwa mbebaji aliifungia chumvi yake ndani. Niliisoma, kisha nikaitikisia kwenye mboga. Mguu wa Damascène umepona, sasa analalamikia ule mwingine. Annonciata wetu amezaa mtoto msichana, tumempa jina la mama, Élisabeth. Analia kama mama kabisa, bila sababu na kwa muda mrefu.

Sasa maneno ya kusimama na kufuata. Nilimsomea Damascène mara mbili. Anauliza hivi: Mama Kahambu akiwa mkopeshaji, bariere nyingi zinamfurahisha. Akiwa mchuuzi, zinamuua. Je, akipiga magoti kanisani anaomba nini?

Na mimi nina maulizo yangu. Hii ada unaitoa kabla hujapata kitu, na deni halipunguki hata kidogo? Kaka, hiyo ni kalinzi. Baba alipeleka mbuzi na pombe kwa mwami, mkuu wa ardhi, kabla ya kutia jembe la kwanza Burungu, na tangu siku ile hakuna aliyeweza kumwambia ondoka. Mtu akishatoa kalinzi, amekaa. Kama Omer anakula kalinzi yako, rehani tena ni ya nini? Mwulize vizuri, usione aibu kwa sababu amesoma.

La pili: bariere ni nini? Mti uliolazwa njiani, ninaujua. Kamba, ninaijua. Lakini kuna baba mmoja anakaa juu ya jiwe na bunduki yake ya zamani, hana kamba wala mti. Anasema tu: «Mama, na miye?» Halafu kuna wale wa daraja la miti. Asubuhi wanakamata watu, mchana wamelewa na unapita bure. Hao ni bariere nzima ao nusu?

Karatasi ya kilima nilianza kuitia saini, wino ukaniishia.

Dada yako,
Adelaïde


Bweremana, 28 Januari 2001

Dada yangu Adelaïde,

Heri ya mwaka mpya iliyochelewa. Tumefurahi sana kwa Élisabeth mdogo. Virginie anamfumia kofia, na majani ya mkaratusi yamemsaidia, ila nyumba nzima sasa inanuka kama pori la wamisionari. Jirani wa bati amehama. Tumempata mwingine, anafuga bata.

Maulizo yako yalifanyiwa mkutano dukani. Tulikaa asubuhi nzima juu ya magunia ya mchele, na hatimaye tumekubaliana hivi: bariere ni mahali popote ambapo mtu mwenye mzigo anasimama bila kupenda na kuacha kitu. Omer alitaka kuongeza «isipokuwa kanisani». Baba wa jiwe anahesabiwa. Daraja linahesabiwa zima, maana mkopeshaji hawezi kutegemea pombe.

Kuhusu kalinzi, nilimsomea Omer maneno yako kama yalivyo. Alisema Ulaya hakuna mbuzi katika dosie. Mama Kahambu aliendelea kupima maharagwe, lakini aliyapima polepole.

Omer alitaka mtu akaone kilima na kukadiria thamani yake. Hakuna anayeweza kufika, kwa hiyo nilikichora. Nilichora nyumba, chumba cha jibini na rafu zake, kisima, kaburi la mama, mikaratusi upande wa magharibi. Aliuliza kama mchoro ni wa kweli. Nikamwambia ni wa kweli wa mwaka 1993, na ng'ombe wote ndani yake ni wazima. Kwenye fomu kulikuwa na swali la hatari ya moto. Nilisema nyumba imekwisha kuungua. Akaandika: «Hatari ya moto: imepungua.»

Saini yako haikufika, basi nimeweka nusu yangu peke yake, ile yenye chumba cha jibini na kaburi. Mama Kahambu alisema: «Kilima kizima nisichofika, ao nusu ya kilima nisichofika, tofauti iko wapi?» Riba italipwa kila miezi mitatu. Nikikosa mara mbili, nusu ile ni yake. Kwa kushona nyavu napata dola tano kwa mwezi, hivyo sitakosa.

Nimechagua ya kufuata. Virginie alitaka ya kusimama, na hatujazungumza sana tangu siku ile. Lakini fikiri, dada: nikitia saini kumi na nane kwa miaka mitano, nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe kwamba vita itakaa hapa hadi 2006. Sikuweza. Mkono ulikataa.

Nangoja hesabu yako ya kwanza.

Jean-Bosco


Kibua, 3 Machi 2001

Kaka,

Amani kwenu. Kofia ya Élisabeth imefika, inamwenea Damascène pia. Mvua ni nzuri, maharagwe yamepanda juu ya miti kama yana haraka. Mbebaji aliyeleta barua yako alifika bila viatu na bila koti. Nilimpa uji, akalala siku mbili.

Umenitia katika maneno. Mkubwa wa wale wa daraja amesikia kwamba ninawahesabu, akaniita.

«Mama, tunasikia uko unatuandika.»

«Ni mambo ya mkopo wa nyumba, papa.»

Nikamweleza yote, ya kusimama na ya kufuata. Alisikiliza vizuri kuliko Damascène. Halafu akasema: «Kumbe sisi njo tunapandisha riba! Na sehemu yetu iko wapi?» Nikamwambia hakuna sehemu. Akakasirika, akataka basi nimhesabu mara mbili, kwa kuwa ana kamba mbili, moja ya wanaokwenda na moja ya wanaorudi. Nikamwambia mkataba unasema mahali, hausemi kamba. Akaketi kama mtu aliyeshindwa mahakamani. Baba wa jiwe, yeye, amefurahi sana kuhesabiwa. Amenunua kamba.

Hata hivyo zimepungua. Mwambie Omer aandike kumi na moja.

Karatasi ya kilima, mbuzi ameila. Tuma nyingine.

Adelaïde


Bweremana, 15 Aprili 2001, siku ya Pasaka

Dada yangu mpendwa,

Kristu amefufuka, na bariere ni kumi na moja! Nilisoma barua yako mbele ya duka kwa sauti. Nimelipa dola nane na robo, Omer akazipokea kwa uso wa mtu aliyeumwa jino. Bata wa jirani wanaingia kwetu kutaga, tunakula mayai na kunyamaza. Mtoto wa Myriam sasa ana meno sita, padri anasalimia kwa mbali.

Guylain, dereva wa Mama Kahambu, anasema kwamba upande wake, kutoka Sake hadi Nyabiondo, hakuna hata moja iliyoondoka. Nilimwambia amani inaanzia mbali, kama mvua.

Nyumba imesimama, kuta za mbao na mlango. Mabati kumi na manne nimeyanunua, lakini sijayapigilia. Bati likitobolewa misumari haliwezi tena kwenda safari bila kuvuja, na Burungu tutayahitaji mazima. Kwa sasa yako chini ya godoro, juu yetu kuna turubai. Virginie anasema aliomba kulala chini ya bati, nimemlaza juu yake.

Karatasi nyingine hii hapa, maana Omer bado anaitaka. Iweke mbali na mbuzi.

Jean-Bosco


Kibua, 20 Mei 2001

Kaka,

Sisi ni wazima. Élisabeth anakaa peke yake. Chumvi imetuishia tena. Shamba la ng'ambo ya mto sijaliona tangu Kwaresima, Damascène anasema maharagwe ya huko yatajichuma yenyewe.

Bariere ni sita.

Nunua misumari, kaka. Mpigilie shemeji yangu bati lake. Karatasi yako imelowa mvua.

Adelaïde


Bweremana, 24 Juni 2001

Adelaïde dada yangu,

Salamu za haraka, kwa kuwa Guylain anaondoka kesho na nataka barua hii ikufikie kwa mkono. Wote wazima. Virginie hasemi nami, lakini anakohoa kidogo tu.

Kumi na nne, kumi na moja, sita. Nimezichora kwenye karatasi, nikapitisha mstari. Unafika sifuri kabla ya Septemba. Sina sababu ya kungoja sifuri. Mwisho wa Julai Guylain atanifikisha Nyabiondo, kutoka hapo nitatembea hadi kwako. Nitakuchukua, na tutapanda Burungu pamoja, wewe na mimi, kama tulivyoshuka. Nimenunua kitambaa kipya cha kuchujia maziwa. Jibini la kwanza litakuwa dogo, ng'ombe mmoja wa kuazima anatosha.

Usiwe na wasiwasi wa njia. Nimenunua pakiti sita za tumbaku, moja kwa kila bariere.

Kaka yako,
Jean-Bosco


Kibua, 3 Julai 2001

Kaka,

Ni thelathini na moja. Mwambie Omer aandike.

Pakiti sita hazitoshi.

Adelaïde


Bweremana, 12 Agosti 2001

Dada yangu Adelaïde,

Hukunisalimu. Katika maisha yetu yote ni barua yako ya kwanza isiyouliza kikohozi cha mtu. Niliigeuza nyuma kutafuta salamu.

Naanza basi kwa niaba yetu sote wawili: tuko wazima, natumaini Élisabeth anatambaa, na mguu wa Damascène, wowote ule unaouma, upone.

Barua ilifika siku tatu kabla ya safari yangu. Mzigo ulikuwa umefungwa. Nilikasirika sana, nikaipeleka dukani. Omer alipiga hesabu akiwa amesimama: thelathini na moja kwa mia, dola tisini na tatu kwa mwaka, ishirini na tatu na robo kila miezi mitatu. Mkataba hauna kikomo cha juu, alisahau kukiweka na hakusikitika. Mimi kwa miezi mitatu napata kumi na tano. Niliona nusu yangu ya kilima ikiondoka, na mama ndani yake. Nikasema mbele ya wateja kwamba dada yangu amekosea kuhesabu, kwamba bariere haziwezi kuruka kutoka sita hadi thelathini na moja kama panzi.

Mama Kahambu aliomba barua zote mbili, nakala ya ile yangu ya tumbaku, na yako. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Halafu akawatoa wateja nje.

«Papa Jean-Bosco,» akasema, «muntu gani anamupandishia kaka yake riba na mukono yake mwenyewe?»

Akanirudishia barua yako.

«Huyu hataki weye upite ile barabara.»

Nikamwuliza kama zile sita zilikuwa za kweli. Akacheka, si kwa ubaya. «Pesa ya hizo bariere nani analipaka? Si miye? Kila mubebaji ananiletea deni yake. Ile kumi na moja nilijua, na ile sita nilijua.»

«Kwa nini ulikubali basi?»

«Mkataba inasema hesabu ni ya dada yako. Na weye ulikuwa unapita hapa unaimba.»

Nilikaa juu ya gunia. Mtu mmoja alikuja akanunua sabuni akaondoka. Kisha niliomba nihamie riba ya kusimama. Kumi na nane kwa mia, miaka minne na zaidi iliyobaki. Nilisema maneno hayo kwa mdomo wangu, na duka halikuanguka. Omer akasema kuhama kuna ada yake, ni dosie mpya, dola kumi. Hapo Mama Kahambu akaweka mizani chini. «Omer, huyu papa alishatoaka kalinzi. Hata kwetu mbuzi wa kilima kimoja analiwa mara moja.» Omer akasema kitabu hakijui hayo. «Andika,» akasema mama, «kitabu ijue.» Sasa iko kwenye mkataba, kifungu cha mwisho, na Omer amekiandika kwa wino mwekundu ili wakaguzi wasije wakafikiri ni yeye. Ile thelathini na moja hawakuiandika popote.

Nimepigilia mabati. Yote kumi na manne. Kila msumari Virginie aliushika kwa vidole vyake na kusema: «Na huu.» Mvua ya kwanza ilianguka juzi. Bati linavuja mahali pamoja, juu ya kichwa changu, na yeye amekataa tuhamishe kitanda. Tumbaku ninavuta mwenyewe. Niko kwenye pakiti ya tatu.

Nina ombi moja. Sasa riba imesimama. Hesabu yako haimpandishii mtu kitu, wala haimshushii. Haina tena mahali pa kwenda isipokuwa kwangu. Basi niambie, dada: ni ngapi?

Jean-Bosco


Kibua, 30 Septemba 2001

Kaka yangu Jean-Bosco,

Nakusalimu sana, kisha nakusalimu tena kwa ile barua ya Julai. Kikohozi cha shemeji kiko namna gani chini ya bati? Mwambie aweke sufuria pale panapovuja, au akuache ulowe, atakavyopenda. Élisabeth anatembea. Alianza Jumapili, kutoka kwa Damascène hadi kwa mbuzi, akaanguka, akamlaumu mbuzi. Damascène ni mzima, sasa analalamikia bega. Baba wa jiwe alikufa kwa homa mwezi wa nane. Tulimzika sisi, hakuna ndugu aliyejitokeza. Kamba yake ameirithi mwingine, na anakaa juu ya jiwe lile lile. Mkubwa wa daraja amesikia kwamba umehamia ya kusimama. Amesikitika. Alisema: «Sasa hatuna tena maana kwa ule mzee?»

Ni kumi na saba, kaka. Zilikuwa kumi na saba Noeli, zilikuwa kumi na saba Pasaka, na asubuhi hii nimewauliza wabebaji wanne mmoja mmoja. Haikuongezeka moja, haikupungua moja. Ingekuwa heri kuchagua ya kusimama tangu mwanzo. Kumi na saba na kumi na nane, tofauti ni moja tu.

Panda maharagwe nyuma ya nyumba yako, udongo wa Bweremana ni mwepesi lakini unakubali. Na ile karatasi ya kilima usinitumie tena. Ya kwanza ninayo, haikuliwa na mbuzi, na wino haukuisha. Sitii saini. Lazima ibaki nusu ya kilima ya sisi kurudia.

Dada yako,
Adelaïde